Mtoto anayesoma sana, nani anamuuliza "umejuaje"?

Naombeni niseme kabla hamjaniambia najifanya mzungu. Binti yangu yuko darasa la tano huku Minnesota, anasoma vitabu vya waliomzidi umri, nikajua watamrusha darasa tu. Wala. Ticha kampa vikaratasi vya kubandika, akifika mahali hajaelewa, au alikuwa anamuona mhusika mwema halafu akabadili mawazo, anabandika na kuandika ni sentensi gani imembadilisha. Na ticha mwenyewe anawasomea kwa sauti, anakatiza katikati, "hapa nimepotea, ngoja nirudi juu", yaani mtu mzima na digrii zake anasema amepotea mbele ya watoto! Na sio fasheni ya juzi, haya ya mtu kuchunguza anavyofikiri wanasaikolojia wa Marekani kina John Flavell walikuwa wanayaandikia tangu miaka ya 1970.

Sasa Bongo. Ukisoma vizuri unapewa umonita, basi. Fasihi kidato cha nne ni riwaya mbili, hoja tatu kila riwaya, na hoja zenyewe ziko kwenye notsi za uchambuzi zilizopigwa fotokopi, ukizimeza unapata A na kitabu hujakigusa. Anayeumia zaidi ni yule kichwa, maana kila kitu anapata, nani atamuuliza amefikaje? Anakuja kushtuka chuo akiambiwa atetee anachokisema.

Mtasema darasa la watoto 80 vikaratasi vitatoka wapi. Sawa. Na huku nao wana lao, mtoto ataongea nusu saa shairi limemgusaje na hana ubeti hata mmoja kichwani, wangu namkaririsha mwenyewe jioni na ananinunia. Ila kuuliza "umejuaje" hakuhitaji bajeti.

Mtoto wa kaka yangu yuko form two Morogoro, msomaji kwelikweli. Juzi ananiambia mhusika fulani ni msaliti. Nikamuuliza, ulianza kumshuku wapi? Kimya, halafu, "Shangazi, si ndo mwalimu kasema." Nikamwambia weka notsi pembeni, rudia sura ya kwanza. Kesho yake katuma voisi ndefu WhatsApp anabisha, eti yule sio msaliti, alikuwa anaogopa tu, na ametaja mpaka kurasa. Sasa anauliza akiandika hivyo kwenye mtihani watampa maksi au watamkata. Walimu, mjibuni basi.