Mliuliza Baba Yake, Hamkuangalia Miguu Yake

Jumamosi iliyopita nilikuwa Kaole kwa mjomba wangu, na tangu siku hiyo moyo wangu haujatulia. Alikuja kijana mmoja kutoka Dar anayetaka kuanzisha safari za farasi kwa wageni: kutoka mjini Bagamoyo, kufuata ufukwe, kuvuka mikoko mpaka kwenye magofu, halafu kurudi. Kijana mstaarabu kabisa. Alimwamkia mjomba, akakaa mkekani, akanywa kahawa. Mjomba akaenda kumtoa Tausi.

Tausi ni farasi jike wa miaka 11, rangi ya kahawia iliyokolea, si mrefu. Miaka 7 sasa anabeba watu kwenye njia hiyohiyo: watoto, wazee, watu wanene, watu ambao hawajawahi kumgusa farasi maishani. Hajawahi kumwangusha mtu kwa hasira wala kwa woga.

Kijana alimzunguka mara moja. Hakumgusa. Akauliza, "Mzee, hati zake za nasaba ziko wapi?"

Mjomba akamwambia hana. Alitoka Arusha akiwa mdogo, mama yake alikuwa farasi wa shambani, baba yake hajulikani.

"Basi mzee wangu, uniwie radhi. Mimi natafuta farasi mwenye ukoo unaojulikana. Wageni wangu watauliza."

Akaaga kwa heshima, akaenda zake. Hakuinua hata ukwato mmoja.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa wengine wanaoanza kununua farasi huku pwani, kwa sababu hasara anayoiendea naijua. Niliishuhudia ikikata roho mbele yangu.

Mwaka juzi nilikuwa nafanya kazi ya usaisi, kutunza farasi, kwa bosi mmoja, si mbali na hapa. Alinunua farasi maksai wa kijivu, mzuri wa kutazama, shingo imepinda kama upinde. Alikuja na bahasha ya plastiki, ndani yake hati yenye mhuri na majina ya vizazi vitano. Bosi aliifungua bahasha ile kila alipopata mgeni. Alikuwa akiweka kidole juu ya jina moja upande wa baba na kusema huyu alishinda mbio fulani. Sisi masaisi nasi tulikusanyika tukasoma. Tulijivuna naye. Jina lake la kwenye hati lilikuwa refu, halitamkiki, tukamwita Kijivu.

Masika ilipoanza kukatika, mwezi wa tano, Kijivu aliacha kula asubuhi moja. Jioni alikuwa na homa. Kesho yake niliona vile vishimo vilivyo juu ya macho ya farasi vimejaa, vimevimba kama mtu aliyepigwa ngumi. Anayewajua farasi wa bara letu akiona hivyo anajua. Ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na usubi wanaouma jioni na alfajiri, hasa baada ya mvua. Usiku ule alisimama ametanua miguu ya mbele, kichwa amekishusha, anavuta pumzi kwa tumbo. Povu jeupe likaanza kumtoka puani, jingi, likidondoka juu ya mikono yangu. Nilikaa naye. Kabla ya adhana ya alfajiri alianguka, hakuinuka tena.

Ugonjwa huo una chanjo. Siyo kinga kamili, maana virusi vyake viko vya aina 9, lakini ipo, na farasi asiyechanjwa akiupata, uwezekano wa kufa ni mkubwa mno. Daktari wa mifugo alipofika alituuliza swali moja tu: "Alichanjwa lini?" Tulitazamana. Aliyemuuza hakusema, na sisi hatukuuliza. Hati ya nasaba tuliisoma labda mara ishirini. Karatasi ya chanjo hatukuiulizia hata siku moja.

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hati ile haikusema uongo. Kila jina lililoandikwa pale naamini lilikuwa kweli. Ila ilitujaza macho, tukaona tumeshamjua farasi kumbe tumemjua babu yake. Farasi wa njia hapa Bagamoyo huulizwa maswali na nchi yenyewe: usubi, mbung'o, maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, jua la saa saba. Nasaba haijibu hata moja kati ya hayo.

Na hapa Bagamoyo jambo hili lina historia. Stanley alipoondoka hapa Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Mmoja alikuwa wa kijivu, Mwarabu, zawadi kutoka kwa Sultani Seyyid Barghash mwenyewe. Farasi anayetoka zizi la Sultani, nani angetilia shaka ukoo wake? Alifia Kingaru, mwendo wa siku chache tu kutoka pwani, na yule mwenzake akamfuata hata siku haijatimia. Kila nikipita kwenye njia ya misafara nawakumbuka wale wawili, na namkumbuka Kijivu wetu.

Kule Afrika Kusini karne ya 19 walilielewa jambo hili mapema. Farasi aliyeugua ugonjwa huu akapona walimwita aliyetiwa chumvi, na bei yake ilipanda mara kadhaa juu ya bei ya farasi wa kawaida. Aliyetaka kusafiri bara alimlipia bila kubisha. Hakuwa analipia jina la baba. Analipia farasi atakayekuwa hai mwezi ujao.

Sisi watu wa pwani nasaba tunaithamini. Wapo kwetu wazee wanaoweza kukuhesabia baba zao mpaka Shiraz au Hadhramaut bila kukwama, na mimi napenda kuwasikiliza. Lakini nahodha akitafutwa wa kuvusha watu Unguja, hakuna anayeuliza babu yake alikuwa nani. Anaulizwa ameendesha kusi ngapi, na chombo chake kimewahi kuzama. Kwa nini farasi anayempakia mgeni mgongoni tumtendee tofauti?

Kijana yule angenipa nusu saa ningempeleka Tausi kwenye kijito cha mikoko wakati maji yanakupwa. Hapo ndipo utakapomjua farasi wa njia. Farasi wengi hufika pale wakasimama, matope yananuka, mashimo ya kaa yanameta, na chini hapaonekani. Wengine huruka, na mtu juu yake anakwenda matopeni. Tausi hushusha pua mpaka karibu aguse maji, anavuta harufu, masikio mbele. Anaweka mguu wa mbele mmoja. Anausubiri uzame mpaka uguse kitu kigumu. Ndipo anaweka wa pili. Mtu aliye mgongoni wala hasikii kama jambo lolote limetokea. Ukimlazimisha kwa kisigino kabla hajamaliza kunusa, hatakwenda, na ni sahihi yeye. Siku moja alikataa kabisa kuvuka mahali tulipozoea, nikamshukia kwa hasira nimvute kwa hatamu. Nikazama mpaka mapajani. Maji yalikuwa yamechimba usiku ule.

Hiyo utaiandika kwenye hati gani?

Kisha kwato. Mwinue mguu, shika kwato mkononi, safisha kwa chuma, tazama chini. Njia ya Kaole ina mchanga laini, halafu matumbawe makali kama visu, halafu matope ya chumvi, yote kwa saa moja. Ukwato mwembamba hupasuka hapo katika miezi michache. Nusa pia: ukwato ulioanza kuoza katikati una harufu yake mbaya, hukosi kuijua. Pitisha kiganja nyuma ya mguu kutoka goti kushuka chini, ukitafuta joto au uvimbe kwenye kano. Mpande, mpeleke matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole, kwa muda wa dakika 20, mrudishe, umsikilize moyo nyuma ya kiwiko cha kushoto. Farasi aliyetulia ana mapigo kama 28 hadi 44 kwa dakika. Kwenye mashindano makubwa ya masafa marefu farasi haruhusiwi kuendelea mpaka moyo wake umeshuka kufika 64. Mjomba hakuwahi kusikia habari za mashindano hayo, lakini yeye hukaa na saa mkononi kila farasi anaporudi, na asiyetulia haraka hampangii safari ya jioni.

Mpitishe sokoni pia, kwenye moshi wa kukaanga samaki, bodaboda zikipiga honi na tanga la ngalawa likipigapiga kwa upepo. Rangi na urefu mwachie mwenye hela.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa hakuna hati, hakuna uhakika, kila tapeli atauza chochote. Kuna ukweli humo, na kwenye kuzalisha nakubali, ingawa kwa shingo upande. Ukitaka kumpandisha Tausi, ni lazima umjue dume na ndugu zake, usije ukazalisha baba na binti bila kujua. Tena kuna magonjwa yanayokwenda na damu. Marekani kulikuwa na dume la aina ya Quarter Horse aliyeitwa Impressive, aliyezaliwa 1969. Alikuwa na misuli ya ajabu, wazao wake wakajaa kwenye maonyesho, kila mtu akataka jina lake kwenye hati ya mtoto wa farasi wake. Baadaye ikajulikana kuwa ukoo huo unabeba ugonjwa wa misuli unaoitwa HYPP: farasi hutetemeka ghafla, hulegea, anaweza kuanguka na aliyempanda. Kwa sababu hati zilikuwepo, wataalamu waliweza kufuata mnyororo mpaka kwa dume lile, na leo kuna kipimo cha vinasaba. Hapo hati ilisaidia, sikatai. Lakini kwanza ilikuwa ndiyo sababu ya watu kuusambaza ule ugonjwa kwa pupa, maana waliona jina na zawadi za maonyesho, na farasi yule alihukumiwa akiwa amesimama, bila kupandwa.

Na ni kweli kwamba aina ina maana. Farasi wa Kiarabu wanatawala mashindano ya kilomita 160 si kwa bahati. Mabedui waliwachuja kwa vizazi wakihifadhi ukoo kwa kichwa, upande wa mama, kwa sababu jike ndiye aliyewabeba jangwani na vitani. Waliuhifadhi ukoo wa farasi waliokwishaonyesha kazi. Kitabu cha nasaba za farasi cha Waingereza cha mwaka 1791 nacho kiliandikwa kwa ajili ya farasi wa mbio, na kwa mbio kinafaa. Sisi tunakichukua kipimo cha watu wa mbio tunakileta kwenye matope ya Kaole.

Ninachowaomba wenye farasi huku ni daftari. Mjomba analo la Tausi, la jalada gumu, limeshaliwa na mende pembeni. Ndani yake mna tarehe za chanjo, tarehe za dawa ya minyoo, siku aliyoumwa na mbung'o upande wa Saadani akakonda mpaka mbavu zikahesabika, na siku alipoanza kula tena. Mna majina ya waliompanda, na kila tatizo lililotokea, hata yale yanayomwaibisha mjomba mwenyewe. Kuna ukurasa umeandikwa: "Nimemfunga tandiko bovu, amechubuka, kosa langu, apumzike siku 10." Mwenye kuuza farasi akikupa daftari la namna hiyo, huyo ananiuzia hata mimi leo. Na wewe muuzaji usiyenalo, lianze leo usiku, kabla hujaenda kutafuta mhuri wa kuonyesha babu.

Kijana wa Dar, kama haya yatakufikia, sikukasirikii. Nami niliiangalia ile bahasha ya plastiki nikaona nimeona kila kitu. Tausi bado yuko, mjomba hajampatia mtu. Jumamosi hii maji yanakupwa saa nne asubuhi. Njoo na nguo za kulowa, daftari utalisoma kwanza, halafu tutavuka naye.