Msinisifie moyo, niambieni njia ikoje

Ukionekana nje na kiti cha magurudumu halafu umevaa nguo za mazoezi, lazima atokee mtu akwambie "aisee wewe una moyo". Anasema kwa nia nzuri na sina ugomvi naye, ila mi nimeichoka hiyo kauli manake moyo sio kitu kilichokuwa kinanikosesha kutoka. Nilipoumia uti wa mgongo hamu ya kurudi nje nilikuwa nayo tele, nilikuwa naota njia za vumbi usiku. Kilichonizuia ni zile tairi mbili za mbele za kiti cha kawaida, ndogo kama kiganja, zikikuta kokoto zinajichimbia, kiti kinasimama ghafla na wewe mwili unaendelea na safari.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huu, kurudi kwenye michezo ya nje baada ya jeraha la uti wa mgongo ni suala la vifaa, habari sahihi za njia, na kuujua mwili wako mpya. Huo moyo uje baadae huko.

Tuanze na vifaa. Kuna gurudumu moja kubwa la kufunga mbele, linabana pale pa kuwekea miguu na kunyanyua zile tairi ndogo zisiguse chini kabisa, basi, hicho kitu kimoja tu kinabadilisha majani na changarawe vikawa sehemu ya kupita. Halafu kuna baiskeli ya mikono, ina cheni na gia kama baiskeli yoyote ila pedali ziko usawa wa kifua na kwa kawaida mikono yote miwili inazungusha kwa pamoja sio kwa kupokezana kama miguu, mara ya kwanza unajisikia mjinga kidogo alafu mwili unaelewa. Mchezo huo uliingia Paralimpiki mwaka 2004 kule Athens, yani sio wa kitambo hivyo.

Anayebisha kuhusu vifaa namwambia aangalie mbio za marathon. Mwaka 1975 Bob Hall, Mmarekani aliyepata polio utotoni, aliomba kushiriki Boston na kiti chake, akaambiwa akimaliza chini ya saa 3 atapewa cheti kama wakimbiaji wengine, akamaliza kwa saa 2 na dakika 58. Mwaka 2021 Mswisi Marcel Hug alimaliza marathon ya Oita, Japani, kwa saa 1, dakika 17 na sekunde 47. Sawa, barabara sio moja, na mazoezi ya siku hizi ni mengine kabisa, lakini sitaki kuamini kwamba Hug ana moyo mara mbili ya Hall. Kiti cha mbio cha leo ni kirefu, kina magurudumu matatu, chepesi, unakaa umeinama na kupiga ringi kwa glavu ngumu. Hall mwenyewe baadae akaja kuwa mtengenezaji wa viti vya mbio, nadhani alishajua tatizo liko wapi.

Sasa njia. Hapa ndo hasira zangu zote zilipo. Njia za matembezi zinawekewa alama ya "rahisi" au "ngumu" na mtu anayetembea kwa miguu, na rahisi yake haina maana yoyote kwangu. Mlima naweza kuupanda taratibu. Kitu kinachonimaliza ni njia iliyolalia upande, ambayo mwenye miguu hata haioni, unakuta ni tambarare kabisa kwa macho lakini inamwaga maji kuelekea mtaroni, basi kiti muda wote kinataka kwenda huko huko mtaroni, mkono wa juu unashika breki na wa chini unasukuma peke yake, ukitembea hivyo kwa muda bega moja linawaka moto na la pili halijafanya kazi. Na bega kwetu sio kitu cha kuchezea. Mabega ndo ya kuhamia kitandani, ndo ya kuingia kwenye gari na chooni, likiharibika umepoteza mengi zaidi ya mchezo.

Upana wa geti nao hakuna anayeuandika. Unaenda kilometa kadhaa unakuta vyuma vimewekwa kuzuia pikipiki, na mimi nimezuiwa humo humo.

Kuhusu mwili nitaongea wazi kidogo mnisamehe. Wengi wetu chini ya jeraha hatutoki jasho kama zamani, kwa hiyo jua kali linapanda mwilini kimya kimya na chupa ya kujipulizia maji usoni na shingoni ni kifaa cha mchezo kama tairi lilivyo. Ngozi ya makalio haikwambii kitu, lazima ujinyanyue au uiname mbele mara kwa mara hata kama unajisikia poa, na ukifika nyumbani uikague, manake kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza miezi. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito inapungua nguvu, hivyo funga miguu vizuri kabla ya njia ya mashimo.

Na walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu wana hatari nyingine, presha kupanda ghafla kwa sababu ya kitu kidogo tu huko chini kama kibofu kilichojaa, mpira wa mkojo uliojikunja, mkanda wa kiatu uliobana sana. Kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu na kutoa jasho. Hapo unakaa wima, unalegeza kila kilichobana, unatafuta chanzo, na isipotulia ni dharura ya hospitali. Mnaotoka pamoja nao wafundishe hili kabla hamjaondoka, wasilisikie mara ya kwanza mkiwa porini. Cha kushangaza kuna wanamichezo walikuwa wanajisababishia hali hiyo makusudi ili waende kasi zaidi, na imepigwa marufuku mashindanoni.

Kingine, kama jeraha liko shingoni usihangaike sana na saa ya mapigo ya moyo. Mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo inakuwa imekatiwa mawasiliano, unaweza kuwa umechoka hoi na saa inasoma 120, au chini ya hapo. Pima kwa pumzi, kama huwezi kumaliza sentensi unakazana vya kutosha.

Kuna wanaosema baiskeli ya mikono "inarudisha" mbio ulizokuwa unakimbia. Hapana bana. Mi nilikuwa mkimbiaji na kukimbia hakujarudi, huu ni mchezo mwingine ambao nimeupenda kwa sababu zake, kuna kona za kushuka nazifaidi sasa kuliko nilivyowahi kuzifaidi kwa miguu. Anayeanza asidanganywe, siku za kwanza kupita njia uliyoizoea kwa miguu zinauma, na wengine ni bora waanzie njia mpya kabisa isiyo na kumbukumbu.

Na nyie wenye vikundi vya matembezi na baiskeli, siku maalum ya walemavu yenye mabango na picha asanteni, lakini niiteni Jumamosi ya kawaida mnapoitana wenyewe. Msinisukume bila kuuliza, mkinishika kwa nyuma ghafla nikiwa nimebalansi kwa tairi mbili za nyuma mnaniangusha. Na mkitaka kunialika msinitumie picha ya mandhari. Nitumieni picha ya sehemu mbaya kuliko zote kwenye hiyo njia, ile yenye mizizi au ngazi, na mtu mmoja apime upana wa geti, nitajua mwenyewe nije na kiti gani na kama tunahitaji mtu wa kushika upande wa mtaroni.