Chora histogramu kabla ya kuandika wastani

Juzi binti wa kaka yangu kaniletea sura ya nne ya utafiti wake niipitie. Anasoma shahada ya kwanza hapa Dodoma. Dodoso zake kazijaza mwenyewe kwa miguu, kijiji kwa kijiji huko Kongwa, kwa wakulima 120 wa alizeti. Ukurasa wa kwanza tu nikakwama: wastani wa mavuno, gunia 9.7 kwa ekari.

Mimi nimezaliwa Kongwa, alizeti nimeipura kwa mikono yangu. Kwa mvua zetu zile za msimu mmoja, gunia kumi ni ekari ya mtu mmoja mwenye bahati. Haiwezi kuwa wastani wa vijiji vizima.

"Mwanangu, hizi gunia zimetoka wapi?"

"Shangazi, ndivyo programu ilivyotoa."

Na programu yenyewe hakuigusa. Alimpa kijana wa steshenari fleshi na hela, akarudishiwa majedwali.

Tukafungua faili kwenye SPSS, ndiyo hiyo programu ya takwimu, menyu ya grafu, histogramu, yaani nguzo zinazoonyesha ni wakulima wangapi wamepata kila kiwango, tukaingiza mavuno. Haikuchukua dakika. Nguzo zote zimebanana kushoto, katikati hamna kitu, kisha kulia kabisa kijiguzo kimesimama peke yake kwenye 99. Binti akashika kichwa. Hiyo 99 ndiyo aliyoiandika kwenye dodoso kila mkulima aliposhindwa kukumbuka. Walikuwa sita. Hakuna aliyeiambia programu kwamba hayo si mavuno, nayo ikajumlisha. Tulipowatoa, wastani ukashuka hadi gunia 5.

Hili linaniuma. Mtoto katembea juani wiki tatu, halafu tunamfundisha kwamba grafu ni pambo la kubandika mwishoni ripoti ipendeze. Grafu ndiyo inayokuonyesha ulichorudi nacho. Mtakwimu Frank Anscombe alishatuonyesha mwaka 1973: aliunda seti nne za namba zenye wastani uleule, hata mstari wa mwelekeo uleule, lakini ukizichora ni vitu vinne tofauti kabisa. Jedwali lingekwambia zote ni sawa.

Nakubali, kijana wa steshenari anajua vitufe kuliko wanafunzi wengi, na si kila mtu ana kompyuta. Lakini R, programu nyingine ya takwimu, ni ya bure, na histogramu ndani yake ni amri ya neno moja, hist. Ukitumia ggplot2, nyongeza ya R ya kuchorea grafu, itakugawia namba zako kwenye makundi 30, yaani nguzo 30, bila kukuuliza, hivyo chagua upana mwenyewe. Wakulima wetu wanahesabu gunia nzima, basi kila nguzo iwe gunia moja.

Grafu ya duara yenye vipande tisa, tafadhali, acheni.

Na nguzo zianzie sifuri. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 kwenye sensa ya 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Hilo ni karibu ongezeko la nusu, kubwa lenyewe bila kuongezewa chumvi. Ukianzisha mhimili kwenye milioni 2, nguzo ya 2022 inakuwa ndefu mara 13 ya mwenzake, na msomaji atakuamini, maana jicho linapima urefu kabla ya kusoma namba.

Turudi kwa binti. Baada ya kuwatoa wale sita tulichora upya, na sasa vilitokea vilima viwili: kimoja kwenye gunia 3, kingine kwenye 8. Wakulima wa gunia 5 kamili walikuwa wachache mno. Wastani wenyewe, hata uliosahihishwa, ulikuwa unamwelezea mkulima ambaye karibu hayupo. Akaniangalia, akaanza kupekua dodoso moja moja pale mezani. Wa kilima cha pili wengi wametoka kijiji kimoja, chenye mashamba ya bondeni. Swali la aina ya shamba hakuliweka kwenye dodoso. Jumamosi anapanda basi kwenda Kongwa kuliuliza.