Waziri anaondoka, foleni inabaki: nani hasa anawanyima tiba maveterani wa Marekani?

Kila skendo ya matibabu ya maveterani (askari waliomaliza utumishi) Marekani inapolipuka huwa naijua tamthilia yote kabla haijaanza. Chombo cha habari kinatoa stori, wanasiasa wanakunja ndita mbele ya kamera, waziri anaitwa bungeni anaomba radhi, wiki chache mbele kajiuzulu, imeisha hiyo. 2007 ilikuwa Walter Reed pale Washington, majeruhi waliotoka Iraq wakikaa kwenye jengo lenye ukungu ukutani na panya wanapita, akaondoka waziri wa jeshi la nchi kavu Francis Harvey (ile ilikuwa hospitali ya jeshi lenyewe, lakini mchezo ni uleule). 2014 ikaja Phoenix, Arizona, hii sasa ni ya Idara ya Masuala ya Maveterani ambayo wenyewe wanaiita VA tu, akaondoka waziri wake Eric Shinseki. Watu wakapiga makofi.

Mi sipigi makofi, na nitasema kwa nini, ila kwanza tuelewane Phoenix ilikuwaje maana wengi wanakumbuka tu kwamba watu walikufa wakisubiri.

Idara ilikuwa na lengo kwamba veterani akiomba kumuona daktari aonwe ndani ya siku 14. Lengo zuri, nani atalikataa? Shida ni kwamba bonasi za mabosi zilifungwa kwenye lengo hilo wakati madaktari wa kulitimiza hawapo, sasa ukimwambia mtu leta namba nzuri nikupe hela na hujampa kitu cha kuitengenezea hiyo namba, atakuletea namba. Mkaguzi mkuu wa idara alipoingia alikuta maveterani 1,700 ambao hawamo kabisa kwenye orodha rasmi ya kusubiri, yaani wameomba huduma na kwenye kompyuta hawapo. Akachukua sampuli ya watu 226 akakuta wamesubiri siku 115 kwa wastani kabla ya kumuona daktari mara ya kwanza, na hospitali ilikuwa imeripoti siku 24.

Na kulikuwa na ujanja mwingine uliotumika sehemu nyingi, huu ndio unanikera zaidi kwa sababu hauhitaji hata kuficha karatasi. Veterani anapiga simu anasema nataka kuonwa haraka, karani anaangalia kalenda anaona nafasi ya karibu ni miezi mitatu mbele, anampa hiyo, halafu kwenye ile sehemu ya kujaza "tarehe anayoitaka mgonjwa" anaandika hiyohiyo ya miezi mitatu mbele. Kompyuta inapiga hesabu: alitaka siku fulani, kapata siku hiyohiyo, amesubiri siku sifuri. Safi kabisa! Mgonjwa yuko nyumbani anakohoa damu, ripoti inayokwenda Washington inang'aa.

Sasa karani ana kosa? Analo, sikatai. Ila idara ilipojikagua nchi nzima, asilimia 13 ya wapangaji wa miadi walisema walielekezwa na wakubwa wao au watu wengine kuandika tarehe tofauti. Unamwambia mtu wa mshahara mdogo achague kati ya ukweli na kazi yake halafu baadaye unamwangushia jumba bovu? Bosi wake ana kosa kubwa kuliko yeye, na Shinseki naye analo lake, maana ofisi ya ukaguzi ya bunge ilishaandika Desemba 2012 kwamba takwimu za kusubiri za VA haziaminiki. Alikuwa na zaidi ya mwaka wa kushtuka.

Lakini hapo ndipo wengi wanaposimama, na mi naona ndipo pa kuanzia.

Rudi nyuma kidogo. Oktoba 2002 Baraza la Seneti lilipiga kura kumruhusu Bush aingie Iraq, 77 wakakubali, 23 wakakataa. Hakuna aliyeweka mezani karatasi ya pili inayosema hawa vijana wakirudi wanahitaji madaktari wangapi, wa akili wangapi, wa miguu bandia wangapi, kwa miaka mingapi. Ushahidi ulikuja 2005, VA ikakiri ina upungufu wa kama dola bilioni moja kwenye bajeti ya afya, na sababu yenyewe utacheka kwa uchungu: makadirio yalitumia takwimu za kabla ya vita vya Iraq. Walitarajia wagonjwa kama 23,000 kutoka vita hivi vipya, ikabidi warekebishe iwe zaidi ya 100,000. Nchi iko vitani, hesabu ya hospitali yake inasoma kana kwamba kuna amani.

Halafu njoo Februari 2014, miezi miwili tu kabla ya Phoenix kulipuka. Bernie Sanders akiwa mwenyekiti wa kamati ya maveterani ya Seneti analeta muswada mkubwa wa kupanua huduma, ndani yake kuna kliniki mpya zaidi ya 20. Kura 56 zikaukubali, 41 zikaukataa, ukafa, kwa sababu ili uvuke ulihitaji 60. Waliopinga walisema ni ghali, na wengine walitaka kuuchomekea vikwazo dhidi ya Iran, sijui Iran inaingiaje kwenye kliniki ya mtu aliyepoteza mguu. Mei mwaka huohuo, baadhi yao walikuwa kwenye kamera wakishangaa inakuwaje mashujaa wetu wanasubiri hivi.

Ndiyo maana jibu langu mi ni bunge, na tena bunge la vyama vyote viwili, maana hata chama cha pili kilipokuwa madarakani hakikuwahi kuweka kodi ya kulipia vita.

Mtu atasema pesa ziliongezwa mwaka hadi mwaka, ni kweli, bajeti ya VA imekua sana tangu 2001. Lakini gharama ya askari haiji mwaka wa vita, inakuja baadaye akizeeka. Malipo ya ulemavu kwa maveterani wa Vita Kuu ya Kwanza yalifika kileleni 1969, nusu karne baada ya bunduki kunyamaza! Na vita vyao wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1865, pensheni ya mwisho ilikuwa ya binti wa askari mmoja, Irene Triplett, dola 73.13 kwa mwezi, akafariki 2020. Hiyo ndiyo ratiba ya deni la vita, ila mwanasiasa anapanga mpaka uchaguzi ujao.

Ukichelewesha kukubali ugonjwa unaokoa hela pia, hili halisemwi sana. Agent Orange, dawa ya kuua mimea, ilimwagwa na jeshi la Marekani Vietnam kuanzia 1962 hadi 1971, sheria ya kukubali kwamba baadhi ya magonjwa yanatokana nayo ikaja 1991. Shinikizo la damu likaongezwa 2022, mtu aliyekuwa na miaka 20 kule msituni keshapita 70. Sheria hiyohiyo ya 2022 ndiyo iliyowafikia waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan, na hata hiyo Seneti iliikwamisha kwanza, mpaka maveterani wakalala kwenye ngazi za bunge siku kadhaa, ndipo ikapita kwa 86 dhidi ya 11.

Kuna kundi lingine linasema tatizo ni kwamba ni hospitali za serikali, zifungwe watu waende za binafsi. Hapa sikubaliani kabisa. Utafiti umerudia mara nyingi, wa taasisi ya RAND ukiwemo, kwamba ukishaingia ndani tiba ya VA mara nyingi ni sawa au bora kuliko ya nje. Kinachowaua ni mlango. 2014 walipopitisha sheria ya kuruhusu anayesubiri zaidi ya siku 30 au anayekaa mbali zaidi ya maili 40 atibiwe nje, foleni nyingine ilihamia kwa kampuni za kupanga miadi, na madaktari wa nje wakaanza kulalamika hawalipwi kwa wakati.

Na mpiga kura je? Naye yumo. Tangu 1973 hakuna anayelazimishwa kwenda jeshini, walioko kazini hawafiki asilimia moja ya watu wa nchi ile, kwa hiyo familia nyingi hazina mtu kwenye hiyo foleni. Ni rahisi kusimama uwanjani kumshangilia askari kabla ya mechi kuliko kumuuliza mbunge wako alipiga kura gani.

Narudi kwa Shinseki. Yule mzee mwenyewe alipoteza sehemu ya mguu Vietnam. Februari 2003, akiwa mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliulizwa na kamati ya Seneti Iraq itahitaji askari wangapi, akasema laki kadhaa, wakubwa wa Pentagon, yaani wizara ya ulinzi, wakambeza hadharani kwamba amezidisha. Miaka kumi na moja baadaye akajiuzulu kwa sababu waliorudi walikuwa wengi kuliko madaktari. Kati ya wale maseneta 77 walioikubali vita ya Iraq sijasikia aliyejiuzulu kwa ajili ya foleni ya Phoenix.