Rudisha Kishikwambi na Boksi Lake

Aliyeandika ule ujumbe wa shule hana mtoto. Au anaye ila kamficha kwa bibi yake. "Ndugu mzazi, tunapofunga mwaka wa masomo ya mtandaoni unakumbushwa kurejesha kishikwambi cha shule kikiwa katika hali yake ya awali, pamoja na chaja, kava na BOKSI LAKE." Boksi lake kwa herufi kubwa. Mwaka mzima wa korona meza yetu ya kulia imekuwa darasa, mama watoto kafundisha sehemu na desimali huku anajibu simu za kazini kwake, mi nimesimamia kipindi cha michezo kwa kumrukisha mtoto kamba sebuleni mbele ya kamera mpaka jirani wa chini akatugongea dari kwa mpini wa fagio, haya, tumevuka, na leo mwisho wa safari hamna hata pole. Wanataka boksi.

Boksi gani jamani? Hivi kuna mtu anatunza boksi? La kwetu lilishakatwa zamani likawa mapafu. Ndiyo, mapafu, mfumo wa upumuaji wa binadamu, mradi wa sayansi, na mradi waliutoa wao wenyewe: "mtoto atumie vifaa vinavyopatikana nyumbani." Boksi lilipatikana nyumbani, tukalitumia. Mapafu mawili ya karatasi ngumu, koo la mrija, baluni mbili ndani zinazojaa ukipuliza. Tukapata 8 kwa 10.

Basi nikabeba mapafu. Maana ukiyaangalia vizuri, pafu la kushoto lina ile stika nyeupe yenye mistari na namba ya kifaa, haijachubuka hata kidogo, ushahidi kamili. Nikavaa shati la kola, nikachana nywele, nikaenda shuleni kwa heshima zangu zote, kishikwambi mkono wa kulia, mfumo wa upumuaji mkono wa kushoto.

Foleni sisemi, mnaijua. Wamebandika alama za nyayo chini ili tusimame mbalimbali, na kila mtu kasimama katikati ya nyayo mbili ili awahi ya mbele.

Dirishani kuna dada mmoja kijana, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, mbele yake kioo, kwenye kioo katundu kadogo ka kupitishia karatasi. Akasema kitu. Sikusikia. Nikaonyesha sikio. Akarudia. Nikaonyesha sikio tena, afu nikajisikia namwambia "dada umejizima sauti", mdomo ulishazoea, nyuma yangu foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Akainamia katundu: "Boksi, mzazi."

Nikaweka mapafu juu ya kaunta.

Akayatazama, akanitazama mimi, akayarudia. "Hii ni nini?"

"Boksi."

"Mzazi, haya ni mapafu."

"Nashukuru umeyatambua dada yangu, mwalimu wa sayansi alidhani ni figo, ndo maana tukapoteza alama mbili. Hebu soma hapo pafu la kushoto."

Akavaa miwani. Akaisoma ile namba tarakimu moja moja kwa kidole, akafungua daftari, akalinganisha, ikaoana. Hapo nikajiona nimeshamaliza, kumbe sikuwa namjua huyu dada. "Namba ipo," akasema, "lakini mwongozo unasema boksi liwe linafungika. Hili linafungika?" Nikamweleza kwa utulivu kwamba hili linapumua, likifungika linakufa. Akaniuliza sasa aandike nini. Nikamwambia aandike boksi limetumika kwa shughuli za kitaaluma za shule hii hii. Kalamu ikasimama hewani. Akageuka akaita mtu wa stoo.

Akatoka mzee mmoja mpole, ana funguo nyingi kiunoni. Akayapokea mapafu kwa mikono miwili, akayageuza, akayapima kwa macho, akashusha barakoa, akapuliza ule mrija. Baluni zikajaa. Akaziachia zikasinyaa. Akapuliza tena! Jamani mwaka mzima tunanawa mikono mpaka ngozi inabanduka, mtoto hakuruhusiwa kuazima hata kifutio, huyu mzee wa watu kapuliza mrija uliopulizwa na familia yangu yote na binamu wawili. Sikusema kitu. Alikuwa upande wangu.

"Kazi nzuri hii," akasema. "Nani katengeneza?"

"Mtoto, mzee wangu."

"Mtoto?"

"Mtoto kwa usimamizi."

"Mpokelee," akamwambia yule dada, afu akaendelea kupuliza.

Boksi likapita. Kava likapita. Chaja ikakaguliwa waya wote kuanzia kichwani mpaka mkiani, pale alipotafuna mtoto wetu wa mwisho pakaandikwa "alama za meno, kidogo." Kishikwambi kikachukuliwa kikawekwa kwenye lundo nyuma yake. Nikaanza kukunja mikono ya shati, sijui kwa nini, nadhani kwa furaha. "Sasa mzazi ujaze fomu ya makabidhiano." Nikamwambia lete kalamu. "Iko mtandaoni." Nikatoa simu yangu. "Haifunguki kwenye simu. Inafunguka kwenye akaunti ya mwanafunzi, kwenye kifaa cha shule."

Kifaa cha shule si hicho hapo mgongoni kwako?

Akakifuata, akakichomoa kwenye lundo, akanipitishia. Nikakiwasha. Chaji asilimia 4. Kikaomba paswedi, nikampigia mtoto, mtoto akasema paswedi siwezi kuitaja mbele ya watu, nikamwambia itaje, akaitaja, sitairudia hapa ila baba yake hakusifiwa. Ikakubali. Kisha kikaniambia kwa usalama wangu kimetuma namba za kuthibitisha kwenye barua pepe ya mwanafunzi. Nafungua barua pepe ya mwanafunzi: akaunti imefungwa. Namuuliza dada. Ananijibu kwa upole kabisa, tena nadhani ndo mara ya kwanza ananionea huruma, kwamba akaunti zote za wanafunzi zilifungwa jana usiku kwa sababu mwaka wa masomo umeisha.

"Zitafunguliwa lini?"

"Muhula mpya ukianza."

"Na nisipojaza fomu?"

"Kifaa kitahesabika hakijarudi."

"Lakini hiki hapa. Umekikagua. Umeandika mpaka meno."

"Kipo mzazi," akasema, "ila hakijarudi."

Hapa ndo heshima zangu ziliponiaga. Sikupiga kelele, nataka ieleweke, niliongea kwa sauti ya mtu aliyefundisha mwaka mzima bila mshahara. Nikamwambia dada yangu, fomu yenu inauliza chaja, inauliza kava, inauliza mkwaruzo uko upande gani wa skrini. Kuna mahali inauliza kama mtoto amejua kugawanya? Kuna mahali inauliza nani alimgawanyia? UNICEF walisema mwaka 2020 kwamba watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kabisa kuyafikia haya masomo ya mbali shule zilipofungwa, na msidhani wote hao wako mbali, darasani kwetu alikuwepo mmoja anatumia simu ya dada yake, simu ikiwa kazini na yeye hayupo, mwanzo tulikuwa tunamuona uso, baadaye jina tu kwenye kiboksi cheusi, baadaye na jina likapotea, na siku ya kufunga mwaka yakasomwa majina ya waliohudhuria vizuri tukapiga makofi ya vikatuni. Huyo fomu yake iko wapi? Huyo amerudi au hajarudi?

Dada akanyamaza. Foleni ikanyamaza. Mzee wa stoo akaacha kupuliza.

Afu mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega, nikadhani ananipa moyo. Akaninong'oneza: "Samahani baba, hayo mapafu ukishamaliza nayo, unaweza kuniazima?" Hana boksi. Nikamwambia namba haitaoana. Akasema atajua mbele kwa mbele.

Mzee ndiye aliyeniokoa. Akachana karatasi kwenye daftari lake la stoo, akaandika kwa mkono, taratibu, mwandiko mzuri wa zamani, akagonga muhuri. "Nimepokea kishikwambi 1, kava 1, chaja 1, mapafu 2." Nimeiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Kwenye mfumo hakijarudi mpaka leo, wakija kunidai watanikuta na mapafu yenye muhuri.

Tena wasinidanganye kwamba mambo haya ni mapya hakuna aliyejua yafanyweje. Mwaka 1937 Chicago, polio ilipozuia shule kufunguliwa, watoto walisomeshwa kwa redio, ratiba na masomo yanachapwa kwenye magazeti. Australia nao mwaka 1951 pale Alice Springs walianza kufundisha kwa redio watoto walioishi mbali kule bara. Redio! Hebu fikiria utamu wake. Redio haikuulizi mbona nyuma yako kuna nguo zimeanikwa. Redio haina mtoto wa mwenzio anayekwambia "baba fulani tunakuona" ukipita na taulo. Nasikia kule Chicago wazazi walipiga simu wee kuuliza na kulalamika, najua, mzazi ni mzazi, lakini angalau walilalamika bila kuonekana sura. Kuna profesa wa Stanford, Jeremy Bailenson, aliandika mwaka 2021 kwamba moja ya vitu vinavyochosha kwenye vikao vya video ni kujitazama mwenyewe muda wote. Angeniuliza mimi ningemwambia bure. Nimekaa pembeni ya mtoto kwenye kipindi cha sarufi nikaona uso wangu unasikiliza sarufi, sikujua kwamba huwa naonekana nimefiwa.

Sherehe yenyewe ya kufunga mwaka ilikuwa fupi, kwa sababu shule ilitumia ile huduma ya bure inayokata kikao dakika ya 40. Mwalimu mkuu alizitumia 15 za kwanza kuuliza kama tunamsikia. Alipofika kwenye nasaha akasema "na jambo la msingi kuliko yote, wazazi wangu, ni", kikakata. Mpaka sasa hatulijui. Grupu la wazazi likajaa mikono ya kusali na maua, asante mwalimu, asante mwalimu, afu baba mmoja akauliza linki ya kipindi cha kesho.

Na picha ya darasa ya mwaka huu ni skrinshoti. Mwanangu ni duara la zambarau lenye herufi.

Walimu siwasemi vibaya, nao walipata. Nilimkuta wa darasa letu getini siku ile ile ya mapafu, mwanangu mdogo nilikuwa naye kwa mkono, kaanza shule kwenye skrini hajawahi kumuona ana kwa ana. Akamkodolea macho kuanzia juu mpaka chini, afu akanigeukia kwa mshangao: "Baba, kumbe ana miguu!" Mwalimu akacheka mpaka akashika geti. Akasema hata yeye alikuwa ameanza kuisahau.

Lakini kinachonisumbua sasa hivi, kuliko hata hilo deni la kishikwambi, ni sare. Wametangaza muhula ujao wanarudi madarasani, sare kamili. Natoa sare kabatini. Shati limekwisha, kola imefanya nyuzi, kiwiko kimetoboka, wino wa kila rangi, maana shati lilivaliwa kila siku ya Mungu mbele ya kamera. Suruali mpya kabisa. Ina lebo. Haijawahi kukaa kwenye kiti, mwaka mzima chini mtu alikuwa na bukta, na sasa nikimvalisha inaishia juu ya kifundo, inamcheka. Nimepiga simu kwa wauza sare kuomba mashati peke yake. Hawauzi peke yake, wanauza seti, eti ndo utaratibu, na seti inaagizwa mtandaoni. Nikauliza sasa hizi suruali mbili nizipeleke wapi, akanijibu mzazi jaribu kuuliza wazazi wenzio.

Haya nauliza. Suruali mbili, mpya, lebo ipo, urefu wa mtoto wa mwaka jana. Mwenye mtoto wa kiuno hicho aje achukue, ila aje mwenyewe na miguu yake, mi linki simtumii mtu.