Mafuta yaliyolala kwenye gari-nyumba ni hasara, hasa hapa Mombasa

Kila mwezi, tarehe 14 ikikaribia, minong'ono ya bei huanza mapema. EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, itatangaza jioni, bei mpya zitashika saa sita ya usiku, na hakuna anayetaka kulala na tangi tupu bei zikiwa zinapanda. Kwa mwenye teksi au pikapu ya kazi, haraka hiyo ina maana, kwa sababu mafuta atakayojaza yatakwisha katika siku chache. Ninaowasemea leo ni wale wanaopeleka foleni pia lile gari la kusafiri na kulala ndani, lenye kitanda, jiko na sinki, wakalijaza mpaka shingoni, kisha wakalirudisha uani lingoje Desemba.

Tupige hesabu. Bei ikipanda kwa shilingi 5, na tangi linachukua lita 70, umeokoa shilingi 350. Kusafisha nozo, yaani ncha za kupulizia mafuta ndani ya injini, za dizeli ya kisasa kunazimeza pesa hizo mara nyingi, na hapo pampu haijaguswa. Kwa hiyo nasema wazi: kwenye gari-nyumba, kinachopaswa kuamua kiasi cha mafuta ni tarehe ya safari ijayo na aina ya mafuta yenyewe. Bei ya wiki hii isikushughulishe kabisa.

Magari haya yanaongezeka pwani. Mengi ni HiAce zilizotolewa viti zikawekwa vitanda, mengine malori madogo yaliyojengewa chumba, na bado zipo Kombi za zamani zenye kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, ambazo wenyewe hawaziachi kwa bei yoyote. Wengi wa wenye magari hayo wanafanya kazi Nairobi au ng'ambo, wanakuja likizo, wanatembea wiki mbili Tsavo, Watamu au Diani, kisha funguo zinabaki kwa mjomba au kwa mlinzi. Gari linakaa miezi minane, tisa. Rangi inafutwa vumbi, matairi yanajazwa upepo, viti vinafunikwa shuka. Mafuta hayana anayeyauliza hali.

Na mafuta yanazeeka. Petroli ni mchanganyiko wa viungo vingi, na vile vyepesi zaidi hugeuka mvuke hata kivulini. Hivyo ndivyo vinavyoshika moto kwanza unapopiga stata, na ndivyo vinavyotangulia kutoroka kupitia tundu la kupumulia la tangi. Vinavyobaki hukutana na hewa ya oksijeni na polepole hugeuka utomvu wa kahawia unaonata. Utomvu huo hukaa kwenye pampu, kwenye ncha za nozo na kwenye vitundu vya kabureta ambavyo hata sindano haipiti vizuri. Gari linakataa kuwaka, au linawaka kwa kukohoa, au linagonga likipanda mlima, na fundi anaanza kubadilisha plagi na betri ambazo hazina kosa.

Joto ndilo linaloharakisha yote haya. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba joto likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mabadiliko mengi ya kikemikali hukaribia kuwa maradufu. Mashauri mengi tunayosoma kuhusu magari haya yameandikwa Ulaya na Marekani, na watu wanaoyaegesha wakati wa baridi, kwenye banda la nyuzi 10 au chini yake. Sisi, wakati wa kaskazi, gari liko chini ya mabati penye nyuzi 30 na zaidi. Kwa kanuni hiyo, petroli yetu inazeeka mara nne kuliko yao. Mpishi wa Mombasa hahitaji kuambiwa kwamba mchuzi wa nazi haulali nje usiku wa Februari. Ukisoma kwamba petroli hukaa miezi sita bila shida, jua aliyeandika hakuegesha Kisauni. Mimi nahesabu miezi mitatu.

Tena miezi hiyo haianzii kwenye pampu. Tangu kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kisimamishe kazi hiyo mwaka 2013, mafuta yetu huja yakiwa yamekwisha kusafishwa ng'ambo. Yamesafiri baharini, yameshushwa Kipevu, yamekaa kwenye matangi ya ghala, ndipo yakafika kituoni. Unaponunua lita moja leo, unainunua ikiwa na umri wake tayari.

Jambo moja katika mashauri ya Wazungu halituhusu sana, nalo ni hofu ya ethanoli, alkoholi inayochanganywa na petroli. Uingereza iliingiza petroli yenye ethanoli ya hadi asilimia 10 mwezi Septemba 2021, na ethanoli huvuta maji, kisha ikishiba hujitenga pamoja nayo na kuzama chini ya tangi. Kenya nayo iliwahi kuchanganya ethanoli ya molasi katika miaka ya 1980, lakini mpango ule ulikufa. Maji ya kwetu yana njia nyingine za kuingia: unyevu wa hewa ya pwani, mfuniko wa tangi uliochakaa mpira wake, na mvua za Aprili na Mei zinazopiga ubavuni.

Kwa dizeli, maji hayo ndiyo adui mkubwa kuliko umri. Dizeli yenyewe ni mvumilivu. Ikiwa safi na kavu inaweza kukaa miezi sita hadi mwaka hata kwenye joto letu. Lakini maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini, na pale mpakani, juu ya maji na chini ya mafuta, huota viumbe. Kuna kuvu mmoja, Hormoconis resinae, anayejulikana duniani kote kwa kuishi kwenye matangi ya mafuta. Anakula mafuta na kunywa maji, na anaacha utelezi mweusi ambao mafundi wetu huuita matope. Gari likiwa limesimama, matope yametulia. Siku ya safari, barabara inalitikisa tangi, matope yanapanda, na filta inaziba ukiwa umeshafika Taru, jua la saa nane, watoto ndani. Injini za kisasa za dizeli hupeleka mafuta kwenye nozo kwa shinikizo linalopita ba 1,000, na hazina msamaha hata kidogo kwa maji au uchafu.

Sasa niseme kuhusu desturi ninayotaka tuiache. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, analo gari-nyumba la petroli uani. Nilipomwambia kuhusu mafuta, alinijibu kwa uhakika:

"Kijana, mimi huliwasha kila Jumapili. Dakika kumi. Haliwezi kuharibika."

"Mzee wangu, na tangi linashuka?"

Akanyamaza kidogo. "Geji haijasogea."

Ndiyo shida yenyewe. Injini ikinguruma bila mzigo hutumia takriban lita moja kwa saa. Dakika kumi kila wiki ni chini ya lita tisa kwa mwaka. Tangi la lita 70 litachukua kama miaka minane kwisha kwa mtindo huo. Mafuta yanabaki yaleyale, yanazeeka palepale. Na si hilo tu. Kuungua kwa mafuta huzaa mvuke wa maji, na kwa dakika kumi injini haijapata joto la kuufukuza, kwa hiyo maji yanabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili. Betri nayo imetoa nguvu za kupiga stata bila kurudishiwa zote. Kuliwasha gari uani kunampa mwenyewe amani ya moyo, na najua inatoka kwenye mapenzi, lakini gari halifaidiki.

Kinachofaa ni kulitembeza. Mara moja kwa mwezi, si chini ya dakika arobaini na tano, barabara kuu. Wengi wanapenda kwenda Kilifi kwa sababu ya upepo na mandhari. Mimi napendekeza Mazeras hadi Mariakani, kwa sababu kuna kupanda, na injini inayopanda inapata mzigo, oili inapata joto inavyotakiwa, breki zinafanya kazi wakati wa kushuka. Ukirudi, ongeza mafuta mapya kidogo kufidia uliyotumia. Kama mwenyewe yuko Doha au Leicester, basi anayeachiwa funguo awe mtu mwenye leseni na ruhusa ya kuliendesha, na pesa ya mafuta hayo itumwe pamoja na pesa ya mlinzi. Ni matumizi ya lazima kama bima.

Na kama kweli halitatembezwa? Hapo petroli na dizeli zinaachana. Petroli ipunguzwe: endesha mpaka ibaki kidogo, chini ya robo, ili siku ya kurudi ujaze mpya nyingi juu ya nzee kidogo. Usiifikishe chini kabisa, kwa maana pampu nyingi za umeme zimo ndani ya tangi na hupozwa na mafuta yenyewe. Kombi na magari mengine ya tangi la chuma nayatoa kwenye kanuni hii, kwa sababu chuma kitupu kwenye hewa ya chumvi kinashika kutu. Hayo bora yajazwe petroli mpya yenye dawa ya kuhifadhi mafuta. Dawa hiyo hutiwa siku mafuta yangali mapya, kisha injini iendeshwe kama dakika kumi ili mafuta yenye dawa yafike mpaka kwenye kabureta. Haifufui petroli iliyokwisha kuoza. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

Dizeli iache imejaa karibu na mdomo, ukibakiza nafasi ndogo ya kutanuka kwa joto. Hewa ikiwa kidogo, unyevu unaoingia ni kidogo. Fungua koki ya chini ya filta utoe maji kabla ya kuliegesha na tena kabla ya safari. Wenye boti za injini kule Mtwapa na Kilifi wanaelewa jambo hili kuliko sisi wa magari, kwa sababu injini ikizima kwenye maji huwezi kushuka ukasukuma. Filta ya kutenganisha maji ni kitu cha kwanza wanachokikagua, na wanaweza kukuelekeza pa kuinunua.

Usisahau jenereta kama gari lako linayo. Ile ya petroli yenye kabureta yake ndogo huziba kabla ya injini kubwa kuonyesha dalili yoyote. Zima mkondo wa mafuta, iache ingurume mpaka ijizime, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kikombe cha kabureta. Magari mengine yaliyotengenezwa kiwandani hulisha jenereta kutoka tangi kuu kwa bomba linaloishia juu ya robo ya tangi, ili isikumalizie mafuta ya kurudia nyumbani. Ukiacha chini ya robo, jenereta haitavuta kitu, na utaita fundi bure.

Kuyajua mafuta mabovu si kazi ngumu. Chota kidogo kwenye chupa ya kioo safi, na pembeni weka mengine yaliyonunuliwa leo. Yakiwa yamekuwa meusi zaidi, yananuka ukali kama vanishi, au chini kuna tabaka linalojitenga, usipige hata stata. Ukilazimisha, utakuwa umeuhamisha uchafu kutoka kwenye tangi, ambako hutolewa kwa bomba, kwenda kwenye nozo, ambako hutolewa kwa pesa nyingi.

Kuyatoa ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa nimeona watu wakivuta petroli kwa mpira na mdomo. Funda moja likipotea njia likaingia mapafuni linaweza kumlaza mtu hospitali, linaweza kumuua. Pampu ya mkono ya mpira haina bei kubwa. Na gari hili ni nyumba: lina mtungi wa gesi, na mafriji mengine ya gesi huwa na mwali mdogo unaowaka muda wote. Funga gesi kwenye mtungi, zima friji, fungua milango yote, fanyia kazi nje mbali na jiko la jirani.

Halafu unayapeleka wapi? Petroli iliyochakaa kidogo, isiyo na maji wala utomvu, inaweza kuchanganywa kidogokidogo na mpya nyingi kwenye injini ya zamani isiyochagua. Gari jipya lenye kompyuta nisingelijaribia. Iliyooza kabisa isimwagwe mtaroni wala nyuma ya nyumba. Ardhi ya kisiwa hiki na ya Nyali, Bamburi mpaka Shanzu ni mawe ya matumbawe yenye vitundu. Kinachomwagwa juu kinashuka bila kizuizi. Na sisi tunaochoka kungoja maji ya bomba tunakunywa, tunaoga na kutawadha kwa maji ya visima vilivyochimbwa katika mawe hayohayo. Watu wa Thange, kule Kibwezi, walipata kujua mwaka 2015, bomba la mafuta lilipovuja, jinsi maji yakishaingia mafuta yanavyokataa kusafika. Kisima cha jirani yako kiko hatua chache kutoka hapo unapotaka kumwaga.

Yaweke kwenye mtungi wa chuma wenye mfuniko unaokaza, uandike juu kwamba ni petroli mbovu, uweke kivulini mbali na watoto, wala usiuweke ndani ya gari mnamolala. Kisha tafuta msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Gereji kubwa zinazotoa oili chafu zinao watu wao, waulize. Usiichanganye petroli na oili chafu ili kurahisisha kazi, maana unamtegea mpokeaji moto asioujua. Anayekuja kuuchukua mtungi akuonyeshe leseni na akuambie anaupeleka wapi. Asipokuwa na jibu, baki nao.