Mbona kocha wetu kila siku ni kaimu?

Juzi nilikuwa kwa kinyozi pale Kondele, Kisumu, nusu ya kichwa imenyolewa nusu bado, na hapo ndo mabishano yakaanza. Jamaa mmoja alikuwa anasoma kwa simu, ati kule Uingereza wachezaji weusi kwa Ligi Kuu ni asilimia 43 lakini ukienda kwa zile kazi za umeneja ambazo wachezaji wastaafu huwa wanapewa, weusi ni asilimia 4.4 tu, hiyo hesabu ilitolewa 2022 na Black Footballers Partnership. Watu wakapandwa na mori. Mzee mmoja kwa benchi akasema hao odiero, yaani wazungu, wana roho mbaya sana, wanataka miguu yetu lakini kichwa hawataki. Kinyozi akazima mashine kabisa ili achangie vizuri, mimi niko hapo na kichwa cha ramani.

Na mzee hakukosea, hebu tuseme ukweli. Ruud Gullit alikuwa kocha wa kwanza mweusi kwa Ligi Kuu, Chelsea 1996, na mwaka uliofuata akawapa Kombe la FA. Ungedhani mlango umefunguka. Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Uingereza kupata kazi kwa hiyo ligi alikuwa Paul Ince, Blackburn, 2008, yaani miaka 12 baadaye, na walimvumilia mechi 17 za ligi tu wakamfuta. Chris Hughton naye akapandisha Newcastle 2010, Desemba ya mwaka huo huo akafutwa na timu haikuwa hata kwa shimo la kushuka. Akaenda Brighton, akawapandisha 2017, akawaweka huko juu misimu miwili, 2019 wakamwambia kwaheri. Ukiangalia maisha ya Hughton utadhani kazi yake ni kupanda miti na kuvuliwa viatu kabla ya matunda.

Lakini nikauliza swali moja tu pale kwa kinyozi na nikajuta, manake nusura nitoke na hiyo nusu kichwa. Nikasema, wazee wangu, tuhesabu makocha wa klabu yetu Gor Mahia toka 2012. Watu wakaanza na vidole. Logarusic, Mkroeshia. Bobby Williamson, Mskoti. Frank Nuttall, Mskoti mwingine. Ze Maria wa Brazil. Dylan Kerr. Hassan Oktay. Steven Polack. Oliveira, Vaz Pinto, Mark Harrison, Spier Mjerumani, McKinstry wa Ireland Kaskazini, Neiva Mbrazil, Mihic. Vidole vikaisha tukaazima vya kinyozi. Hadi 2025 ndo akaja Charles Akonnor kutoka Ghana. Katikati ya hao wote, kila kiti kikibaki wazi, alikuwa anaingia mtu wetu wa hapa hapa, na jina lake la kwanza ni moja tu: Kaimu. Kaimu kocha fulani. Anashika timu wiki tatu, anashinda mbili anatoka sare moja, ndege inatua JKIA, kaimu anarudi kubeba koni.

Na mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, wasicheke sana juu Aussems na Trucha waliokuwa makocha wao hawakuzaliwa Mumias.

Sasa usinielewe vibaya. Nuttall alitupea ligi 2015 bila kupoteza mechi hata moja, hiyo sitasahau hadi nizikwe, nilitembea kutoka mjini hadi Mamboleo nikiimba. Kerr alishinda ligi. Oktay alishinda. McKinstry alishinda mara mbili mfululizo. Hao walifanya kazi na walistahili mshahara wao. Shida yangu si kwamba mzungu hajui mpira. Shida yangu ni kwamba mzungu anaanza na imani na mtu wetu anaanza na shaka. Mzungu akipoteza mechi tatu tunasema bado anajua wachezaji, mpe muda, ligi yetu ni ngumu, viwanja vibovu. Robert Matano ana mataji manne ya ligi, moja na Sofapaka 2009 na matatu na Tusker, mtu wa ligi hii hii kwa viwanja hivi hivi, na bado ukitaja jina lake wakati kazi ya timu ya taifa, Harambee Stars, iko wazi kuna mtu atakuuliza ana uzoefu gani wa kimataifa. Atapata wapi na hamumpei?

Na hii rangi tunayosema si ngozi tu peke yake. Ze Maria mwenyewe rangi yake si mbali na yetu, lakini pasipoti ya Brazil na jezi ya Inter Milan zilitosha kumfanya odiero wa heshima. Mimi nikiri hapa, siku alipotangazwa nilipiga simu kwa watu kumi. Sikuuliza ameshinda nini kama kocha. Niliuliza tu kama ni kweli amecheza Inter. Halafu Februari 2017, ligi haijaanza hata, akaenda zake Tirana huko Albania. Hakuna siku nimesikia shabiki akisema Wabrazil hawana uaminifu tusiwaajiri tena. Ingekuwa kocha wa Kisumu amekimbilia Tanzania katikati ya matayarisho tungesema hawa watu wetu ndo walivyo.

Ya Oliveira nayo ni kichekesho. Tukamleta 2020, mechi za CAF, shirikisho la mpira Afrika, zikafika, kumbe karatasi zake hazimruhusu kukaa benchi kwa mashindano ya CAF. Kocha Mkenya bila leseni A hawezi hata kupokewa simu yake, na sisi tulilipia mtu ndege kabla ya kusoma cheti.

Wacha niwapeleke Marekani kidogo, kwa ile futboli yao ya helmeti na mpira kama yai, manake wao angalau walijaribu kitu. 2003 ligi yao, NFL, waliweka sheria inaitwa Rooney Rule, jina la Dan Rooney aliyekuwa mwenye Pittsburgh Steelers. Sheria haisemi uajiri mweusi. Wakati huo ilisema tu kabla hujaajiri kocha mkuu lazima uite kwa intavyu angalau mtu mmoja asiye mzungu. Na ilifanya kazi mahali, Steelers wenyewe wakamchukua Mike Tomlin 2007 akiwa kijana tu wa miaka 34, msimu wake wa pili akawapa Super Bowl, kombe lao kubwa kabisa. Lakini binadamu ni binadamu. Mwaka wa 2022 Brian Flores, kocha mweusi aliyekuwa ametoka kufutwa na Miami, alikuwa anajitayarisha kwa intavyu ya New York Giants siku ya Alhamisi. Siku tatu kabla akapata ujumbe kwa simu kutoka kwa bosi wake wa zamani Bill Belichick akimpongeza kwa kupata hiyo kazi. Flores akamuuliza, una uhakika unaongea na Brian gani? Kumbe mzee alichanganya Brian Flores na Brian Daboll, mzungu, ambaye Flores anadai ndiye alikuwa ashapewa kazi. Intavyu ya Flores ilikuwa bado. Akaenda hivyo hivyo, akakaa, akajibu maswali, halafu akaenda kortini. Wakati huo kwa timu 32 kocha mkuu mweusi alikuwa amebaki Tomlin peke yake.

Niliposoma hiyo hadithi nilicheka kicheko cha mtu anayejua, juu mimi ujumbe wangu haukuja kwa simu, ulikuja kwa traksuti.

Miaka kadhaa imepita sasa kwa hivyo naweza kusema. Nina leseni ndogo ya ukocha na nimefunza watoto Nyalenda kwa muda mrefu, kwa hivyo timu moja, jina nitabaki nalo, ilipotangaza inatafuta kocha msaidizi nikatuma karatasi. Nikaitwa Nakuru. Nilikopa nauli kwa shemeji yangu, nikapanda matatu alfajiri, saa tatu na nusu niko nje ya ofisi na shati limenyooka. Tulikuwa watano kwenye benchi. Tumekaa hapo, tunaongea mambo ya Ulinzi na uwanja wa Afraha, kijana wa vifaa akapita na lundo la traksuti mpya za benchi la ufundi, zile za kuandikwa herufi za jina kifuani. Ya juu ilikuwa na herufi mbili. Tukaangaliana. Kila mtu akasoma halafu kila mtu akahesabu jina lake kimoyomoyo. Hakuna hata mmoja kati yetu watano mwenye hizo herufi.

Na tuliingia mmoja mmoja hivyo hivyo jamani. Mimi niliulizwa falsafa yangu ya mchezo ni gani. Nikaeleza dakika kumi na tano, nikachora na ubao, nikiwa najua traksuti ishashonwa. Wakanipa soda. Wiki mbili baadaye nikaona picha za mwenye herufi zake, kijana wa kutoka nje, si mbaya, ila sikuona kitu alichonishinda nacho kwa karatasi. Shemeji bado ananidai hiyo nauli.

Kwa hivyo ninaposema Rooney Rule haitoshi nasema kama mtu aliyekalia hilo benchi. Waingereza nao wakaandika mkataba wao Oktoba 2020, FA, shirikisho lao la mpira, na vilabu zaidi ya 40, ati asilimia 15 ya wakubwa wapya wa ofisini wawe weusi, Waasia au machotara na asilimia 10 ya makocha wakubwa wapya. Sawa, ni mwanzo. Lakini huko angalau unaweza kuelewa ugonjwa, wenye pesa ni wazungu, wakurugenzi ni wazungu, wanaajiri wanaofanana nao, wanaokunywa nao pombe. Hapa kwetu mwenyekiti ni mweusi, katibu ni mweusi, mweka hazina ni mweusi, shabiki anayepiga kelele redioni ni mweusi, na bado kaimu ni kaimu. Huwezi kuniambia ni ubaguzi wa mzungu. Mzungu mwenyewe hata hayuko kwa kikao.

Nikimaliza hiyo pointi kinyozi huwa anasema, lakini bro, hawa wetu wameshinda nini? Na hapo ndo namtoleaga Emerse Faé. Januari 2024 Ivory Coast, wenyeji wa AFCON, wamechapwa 4-0 na Equatorial Guinea nyumbani kwao. Kocha Jean-Louis Gasset, Mfaransa, akaondoka. Unajua walifanya nini? Hawakumwangalia hata msaidizi aliyekuwa amekaa hapo hapo kwenye benchi. Walienda kuomba Ufaransa iwaazime Hervé Renard, ambaye wakati huo alikuwa anafunza timu ya wanawake ya Ufaransa. Kuazima kocha! Kama sufuria! Wafaransa wakakataa, ndo ikabidi wabaki na huyo msaidizi, Faé, kaimu, mtu ambaye hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Akawatoa Senegal kwa penalti, akawatoa Mali, akawatoa Kongo, Februari 11 akapiga Nigeria 2-1 kwa fainali. Kaimu akabeba kombe la Afrika.

Na hakuwa wa kwanza. 2019 Algeria walishinda na Djamel Belmadi wao, iliyofuata Senegal wakashinda na Aliou Cissé wao. Kombe la Dunia 2022 timu zote tano za Afrika zilikuwa na makocha Waafrika, mara ya kwanza, na Regragui akafikisha Morocco nusu fainali ambako hakuna timu ya Afrika ilikuwa imefika. Najua mtu ataniambia Regragui alizaliwa Ufaransa na Otto Addo wa Ghana alizaliwa Ujerumani, kwa hivyo ni odiero nusu. Sawa, walipata shule nzuri kule. Si ndo nasema wapeni na wetu shule? Mtu wa Kakamega aliyetoa vijana kwa shule ya upili miaka ishirini, nusu ya ligi imepita mikononi mwake, anangoja kozi ya CAF kama mvua ya Turkana, na ikija hela ya kulipa hana.

Hata hapa kwetu Ghost Mulee ndiye alitupeleka AFCON 2004 na tukashinda mechi yetu ya kwanza kabisa ya hayo mashindano, 3-0 dhidi ya Burkina Faso. Vijana wa sa hii wanamjua kwa kicheko cha redio asubuhi. Na Benni McCarthy, Mwafrika Kusini, alipewa Stars Machi 2025, Agosti tukawapiga Morocco 1-0 Kasarani kwa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na tukaongoza kundi. Tulitoka kwa penalti na Madagascar, roho iliuma, lakini sikusikia mtu akisema Mwafrika hawezi.

Mimi sitaki kura ya rangi. Nataka vitu viwili vidogo. Timu ikitafuta kocha ibandike majina ya wote walioitwa kwa intavyu, tuyaone, hata kwa ukurasa wa Facebook. Na kaimu akishika timu mechi tano aitwe naye aketi kwa hicho kiti aulizwe hiyo falsafa yake ya mchezo, kabla traksuti hazijaenda kwa fundi.

Kinyozi alimaliza ile nusu ya kichwa ikiwa karibu saa mbili usiku. Ananiambia tubeti mia tano, siku Akonnor akiondoka Gor atakayefuata atashuka na ndege ya kutoka Ulaya au Brazil. Nimekataa. Mia tano yangu naipenda.